Fedha za kutafiti ndege asilia: anza na kalenda ya ndege, mfadhili baadaye

Ruzuku yangu ya kwanza iliingia benki wiki mbili baada ya makinda wa mwisho kuruka kutoka kiotani. Andiko lilikuwa zuri, mfadhili hakuchelewa hata siku moja, kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa kufuata tarehe za kwenye tovuti yake, na ndege nao wana tarehe zao. Nikakaa miezi minane nikisubiri msimu mwingine, ada ya chuo ikiendelea kudaiwa.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayetaka kutafiti ndege asilia na hana mtu wa kumlipia. Mfano wangu utakuwa hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa. Ndiye niliyemfanyia kazi, tena ni ndege anayeumbua haraka bajeti ya kubahatisha.

Hatua ya 1: Hesabu kurudi nyuma kutoka siku ya yai la kwanza

Andika mwezi ambao ndege wako huanza kutaga, kisha rudi nyuma. Mwezi mmoja kabla ya hapo lazima uwe msituni ukitafuta viota na kufundisha wasaidizi. Kabla ya kuingia msituni unahitaji vibali, na havitoki ofisi moja: kibali cha utafiti, kibali cha kamati ya maadili, ruhusa ya wenye hifadhi, na kama utanasa ndege na kuwavisha pete, leseni ya kufanya hivyo. Ukitaka kupeleka damu au manyoya maabara ya nchi nyingine, kuna Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayohusu matumizi ya sampuli za viumbe, kwa nchi zilizoiridhia, na kuna CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kama spishi yako imo kwenye orodha zake. Hilo peke yake linaweza kula nusu mwaka.

Nyuma ya vibali kuna fedha kuhamishwa kutoka benki hadi benki. Nyuma yake kuna miezi ambayo wahakiki wanasoma andiko lako. Nyuma zaidi kuna wewe na msimamizi wako mkirudishiana rasimu. Ukimaliza kuhesabu utakuta andiko linatakiwa kuanza kuandikwa karibu mwaka mzima kabla ya yai la kwanza. Kama muda huo umeshapita, badili swali la utafiti likufae nje ya msimu wa kutaga, au subiri msimu ujao ukiwa unajua unachosubiri.

Hatua ya 2: Jua swali lako linamfaa nani

Wafadhili wa ndege wako wa aina mbili, na wengi tunawachanganya. Wa kwanza ni vyama vya wataalamu wa ndege. Hawa wanataka swali la kisayansi: kwa nini, kwa kiasi gani, utapima vipi. Wa pili ni mifuko ya uhifadhi. Hawa wanataka kujua ndege atafaidika nini ukishamaliza. Rufford Foundation ya Uingereza, kwa mfano, hutoa ruzuku ndogo za uhifadhi katika nchi zinazoendelea, na andiko la kitaaluma tupu halina nafasi kubwa kwake. Mohamed bin Zayed Species Conservation Fund hutazama spishi moja moja zilizo hatarini, na ruzuku zake hufika hadi dola 25,000. Ukiupelekea andiko la jamii nzima ya ndege wa bonde fulani, umekosea mlango.

Hapa pia ndipo neno "asilia" linapotakiwa kushikwa vizuri. Ndege asilia ni yule aliyefika mahali bila kuletwa na binadamu, hata kama anapatikana nusu ya bara. Ndege anayepatikana eneo hilo tu na si kwingine popote ni habari nyingine, na ana nguvu kubwa zaidi mbele ya mfadhili. Usimpandishe cheo ndege wako. Mhakiki atafungua Orodha Nyekundu ya IUCN, inayoonyesha kila spishi iko hatarini kiasi gani, kabla hajamaliza ukurasa wako wa kwanza.

Je, kama ndege wako ni wa kawaida, asiye hatarini? Kazi ni ngumu zaidi, lakini hoja zipo. Njiwa msafiri wa Amerika Kaskazini alikuwa akiruka kwa makundi ya kufunika anga, na wa mwisho alikufa Cincinnati mwaka 1914. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa bara hilo limepoteza karibu ndege bilioni 3 tangu mwaka 1970, na sehemu kubwa ya hasara hiyo ni ndege wa kawaida ambao hakuna aliyewahofia. Hoja ya pili ni kazi anayofanya ndege: kusambaza mbegu, kuchavusha maua, kula wadudu. Hondohondo anameza tunda, anaruka mbali, kisha anatapika au kunya mbegu nzima. Mfuko wa misitu unaweza kulipia hilo hata kama haujawahi kulipia ndege.

Hatua ya 3: Tengeneza bajeti kwa kuhesabu siku

Hapa ndipo wengi huanguka, na mimi nilianguka vizuri tu. Kwenye rasimu yangu ya kwanza niliandika mstari mmoja: "wasaidizi wawili, mwezi mmoja". Msimamizi wangu akanirudishia na swali: mwezi mmoja umeupata wapi?

Tukakaa tukahesabu. Jike la hondohondo wakubwa wa msituni hujifungia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo na kinyesi ukabaki ufa mwembamba, na dume humlisha kupitia ufa huo kwa miezi mitatu hadi minne. Nilitaka kujua dume analeta chakula mara ngapi kwa siku. Viota vilikuwa 12. Kila kiota kilihitaji kutazamwa kutoka alfajiri hadi jioni, mara moja kila wiki mbili, kwa wiki 16. Hiyo ni mara 8 kwa kila kiota. Mara 8 kwa viota 12 ni siku 96 za kutazama. Mtu mmoja hawezi kukodolea macho tundu saa 12 bila kusinzia, kwa hiyo watu wawili wanapokezana: siku-watu 192. Na wiki 16 zina siku 112 tu. Timu moja ingebaki na siku 16 za mvua, homa, gari kuharibika na mapumziko. Haiwezekani. Tukaweka timu mbili, na mstari wa "mwezi mmoja" ukawa ndio mstari mkubwa kuliko yote kwenye bajeti.

Fanya hivyo kwa kila kitu. Kama unahesabu ndege kwenye vituo, vituo vingapi, mara ngapi, vingapi kwa asubuhi moja kabla ndege hawajanyamaza? Kama ni ndege mdogo anayejenga kiota kichakani, ukimtembelea kila siku tatu kwa siku 28 za kuatamia na kulea, ni takriban ziara 10 kwa kiota. Viota 40 ni ziara 400, na hapo hujaweka siku za kuvitafuta, ambazo mara nyingi ndizo nyingi kuliko zote.

Vifaa vya kufuatilia mienendo ya ndege vina hesabu yake. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba kifaa kisizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege, na wapo wanaokubali hadi 5. Hondohondo wa kilo 1.2 anabeba gramu 36 bila kuvunja kanuni. Ndege mdogo aitwaye chozi, mwenye gramu 8, anaruhusiwa gramu 0.24 tu. Mwanafunzi aliyeandika kwamba atawafungia ndege hao vifaa vya GPS vya kutuma data kwa setilaiti amejikataa mwenyewe, mhakiki hana kazi ya kufanya.

Mambo yanayosahaulika: makato ya benki, hasara ya kubadilisha fedha, bima ya wasaidizi, sanduku la huduma ya kwanza, betri (betri hazitoshi kamwe), gharama za maabara, na kuchapisha ripoti kwa lugha ya watu wanaoishi jirani na msitu. Uliza pia chuoni kwako kuhusu asilimia ya gharama za uendeshaji. Vyuo vingi hukata sehemu ya kila ruzuku, na mifuko mingi midogo hairuhusu fedha zake zikatwe. Ugomvi huo umalizwe kabla ya kutuma maombi, na aumalize msimamizi, kwa maandishi.

Hatua ya 4: Ikate bajeti vipande, kila kipande umtafutie wake

Mfadhili wa kulipia ada, posho, gari, wasaidizi na maabara kwa pamoja ni nadra. Utafiti wa ngazi hii huungwaungwa: hapa ada, pale mafuta, kwingine darubini. Chukua bajeti uliyoihesabu na uipake rangi: rangi moja kwa ada na posho, nyingine kwa kazi ya msituni, nyingine kwa vifaa, nyingine kwa maabara, nyingine kwa safari ya mkutano.

Ada na posho hutoka kwenye ufadhili wa masomo: wa serikali, wa chuo, au wa mashirika kama DAAD la Ujerumani na Jumuiya ya Madola. Wapo pia wanaofundisha elimu ya ndege mahususi. Taasisi ya A.P. Leventis iliyoko Jos, Nigeria, hufundisha uzamili wa biolojia ya uhifadhi huku ndege wakiwa ndio kiini, na Taasisi ya FitzPatrick ya Chuo Kikuu cha Cape Town imekuwa ikifanya utafiti wa ndege wa Afrika tangu mwaka 1960. Kujiunga na mahali kama hapo kunakuokolea vitu ambavyo havionekani kwenye bajeti: nyavu zipo, pete zipo, mwalimu wa kukufundisha kuvisha pete yupo.

Kazi ya msituni ndiyo inayopenda ruzuku ndogo. British Ornithologists' Union, chama cha tangu mwaka 1858, hutoa ruzuku ndogo za utafiti wa ndege. Marekani kuna American Ornithological Society, iliyozaliwa mwaka 2016 kwa kuunganisha vyama viwili vikongwe, na Wilson Ornithological Society yenye tuzo ya Louis Agassiz Fuertes. Chama cha wanasayansi cha Sigma Xi kimekuwa kikitoa fedha ndogo kwa wanafunzi watafiti wa sayansi mbalimbali tangu mwaka 1922. Australia kuna tuzo ya Stuart Leslie ya BirdLife Australia kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na New Zealand kuna mfuko wa utafiti wa Birds New Zealand. African Bird Club, Oriental Bird Club na Neotropical Bird Club nazo husaidia miradi midogo ya uhifadhi katika maeneo yao. Kiasi ni kidogo, lakini waombaji ni wachache kuliko kwenye mifuko mikubwa, na wanaosoma andiko lako wanamjua ndege unayemzungumzia. Baadhi ya vyama hivi hupokea maombi ya wanachama tu. Uanachama wa mwanafunzi huwa nafuu, jiunge mapema.

Kisha kuna fedha za kundi moja la ndege, ambazo wengi hawajui kama zipo. Anayetafiti tai au mwewe wa Afrika aangalie ruzuku ya Leslie Brown ya Raptor Research Foundation. Ndege walao nyama kwa ujumla wana hifadhi ya Hawk Mountain ya Pennsylvania, Marekani. Kasuku wana Loro Parque Fundación. Spishi zisizo na ndugu wa karibu kwenye ukoo wa viumbe zina mpango wa EDGE wa Zoological Society of London. Niliwahi kumwona mwenzangu akihangaika mwaka mzima na mifuko mikubwa huku ndege wake akiwa mwewe.

Vifaa vina mlango wao. Idea Wild hutoa kifaa chenyewe, darubini au kamera au GPS, badala ya fedha. Chuo kinapenda hivyo kwa sababu hakuna cha kukata.

Masharti na viwango hubadilika kila mwaka, kwa hiyo soma tangazo la mwaka huu, usisome la rafiki yako aliyepata mwaka juzi. Na ukiomba sehemu mbili kwa kazi ileile, sema wazi kwa kila mmoja. Wafadhili wa ndege wanafahamiana kuliko unavyodhani.

Hatua ya 5: Tumia kile kilicho bure kabla ya kuomba

Mfadhili anampenda mtu aliyeanza. Bila senti unaweza kupata mambo mengi: kumbukumbu za watazama ndege kwenye eBird, iliyoanza mwaka 2002, sauti kwenye xeno-canto, iliyoanza mwaka 2005, rekodi za makumbusho na taasisi kupitia GBIF, hifadhidata ya kimataifa ya viumbe. Pakua, chora ramani ya mahali ndege wako amewahi kuonekana, kisha angalia mahali palipo wazi. Kumbuka tu kwamba uwazi kwenye ramani hiyo mara nyingi unaonyesha mahali pasipo na barabara. Ukilisema hilo mwenyewe kwenye andiko, mhakiki anatulia.

Baada ya hapo nenda msituni siku tatu, hata kwa miguu, hata kwa darubini ya kuazima. Ukiweza kuandika "tulipata viota vitano vinavyotumika kwa siku tatu", sentensi hiyo moja inazidi kurasa mbili za nadharia.

Hatua ya 6: Andika andiko

Aya ya kwanza ndiyo inayosomwa na kila mtu. Hii ndiyo niliyoanza nayo:

"Ndege ni viumbe muhimu sana katika ikolojia na wanakabiliwa na changamoto nyingi ikiwemo ukataji wa miti na mabadiliko ya tabianchi. Utafiti huu unalenga kuchunguza ikolojia ya hondohondo ili kuchangia katika uhifadhi wake."

Hakuna uongo humo, na hakuna kitu. Ondoa "hondohondo" weka "kware", inasomeka vilevile. Hii ndiyo iliyopata fedha:

"Jike la hondohondo hujifungia ndani ya tundu la mti kwa miezi mitatu au zaidi, na kila anachokula huletewa na dume. Tundu la kumtosha hupatikana kwenye miti mikubwa, na miti hiyo ndiyo hukatwa kwanza. Katika viota 12 tutapima kama madume wanaolea pembezoni mwa msitu huleta chakula mara chache kwa saa kuliko wale wa ndani."

Mwanzoni aya hiyo ilikuwa na sentensi moja zaidi, kwamba tutapima pia idadi ya makinda wanaotoka salama. Mhakiki mmoja akaandika kwamba viota 12 vinatosha kulinganisha safari za kulisha, kwa sababu kila kiota kinatazamwa mara nyingi, lakini havitoshi kusema lolote la maana kuhusu makinda, maana kila kiota kinatoa jibu moja tu. Alikuwa sahihi. Niliifuta. Punguza ahadi hadi ilingane na idadi yako, hata kama andiko linabaki dogo.

Weka aya moja ya "likitokea hili". Mvua zikichelewa na ndege wasitage? Viota vikipatikana saba badala ya 12? Taja utakachofanya, kwa sentensi moja kila moja.

Hatua ya 7: Wadhamini

Hawa ni wale wanaokuandikia barua za kukupendekeza. Waandikie wiki sita kabla. Wape andiko, bajeti, tarehe ya mwisho na mistari mitatu ya mambo wanayoweza kuyataja. Msimamizi mwenye shughuli nyingi huandika barua ya watu wote, na barua ya watu wote husomeka hivyo.

Hatua ya 8: Ukikataliwa, au ukipewa nusu

Kukataliwa ni kawaida. Omba maoni ya wahakiki kama utaratibu wao unaruhusu, rekebisha, peleka kwingine wiki hiyohiyo kabla hujapoa. Kupewa nusu ndiko kugumu. Usikubali fedha za viota sita huku ukiahidi viota 12. Mwandikie mfadhili useme kwa fedha hizi nitafanya hiki, hiki kitasubiri. Mimi niliwahi kupunguza maabara yote ya mbegu na mfadhili akajibu kwa mstari mmoja: sawa.

Hatua ya 9: Fedha zikiingia

Kama zinapitia chuoni, omba mapema namba ya mradi na jina la mtu wa uhasibu, maana kutoa fedha kunaweza kuchukua muda kuliko kuzipata. Risiti za porini huloa na hufutika: piga picha kila jioni, andika nyuma yake ilikuwa ya nini. Asiyetoa risiti, kama mwenye mtumbwi, asaini kwenye daftari lenye tarehe, kiasi na kazi.

Ripoti ipelekwe siku iliyoandikwa, hata kama msimu ulikuwa mbaya. Taja viota vilivyoanguka pamoja na vilivyofaulu. Pandisha rekodi zako eBird na sauti xeno-canto, ila kwa spishi zinazowindwa au kuuzwa, ficha mahali halisi pa kiota. Mti wa hondohondo hutumiwa tena mwaka baada ya mwaka, na mwenye nia mbaya akishaujua hahitaji kuutafuta mara ya pili.